Kamusi Ndani ya Diski

Mnamo Oktoba 1988, mjini San Francisco, Steve Jobs alizindua tarakilishi ya kampuni yake mpya, NeXT, aliyokusudia kuviuzia vyuo vikuu. Wengi walistaajabia umbo lake la mchemraba mweusi. Mimi, nikiwa mwanaisimu, huvutiwa zaidi na kilichotiwa ndani yake. Tarakilishi ile haikuwa na mlango wa diski tepetevu, vile visahani vya mraba ambavyo wengi wetu tulivitumia shuleni. Programu zake zilikuja katika diski moja iliyosomwa kwa mwale wa leza, yenye nafasi ya megabaiti 256, ilhali diski tepetevu ya kawaida haikupita megabaiti 1.44.

Diski hiyo ya kwanza ilikuwa ghali na ya polepole, na kampuni haikudumu nayo. Toleo la 3.0 la mfumo wake, la mwaka wa 1992, lilisambazwa kwa sidii. Sidii hupigwa chapa kiwandani kama zilivyopigwa santuri za baba zetu, nayo hubeba megabaiti 650 hivi, yaani zaidi ya diski tepetevu 450. (Ningali nashikilia kwamba neno santuri lingaliifaa sidii vizuri tu, ingawa wanafunzi wangu hunicheka.)

Hebu basi msomaji ajiulize: nafasi hiyo kubwa ilijazwa nini? Pamoja na programu, NeXT ilitia kazi zote za Shakespeare na kamusi ya Webster. Mwanafunzi aliweza kutafuta neno moja katika tamthilia zote kwa muda mfupi. Shakespeare hakuingia humo kwa utukufu wake pekee. Aliingia kwa kuwa kulikuwa na watu waliokwisha kuyachapa maandishi yake katika umbo ambalo mashine ingeweza kulisoma.

Mwaka wa 1988 Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotolewa 1981, ilikuwa na umri wa miaka saba. Maneno yake yote yasingechukua ila megabaiti chache. Nafasi, basi, haikuwa kikwazo chetu. Ilitubidi kungoja hadi 2004 ndipo mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maagizo kwa Kiswahili. Leo programu hupakuliwa mtandaoni na tarakilishi nyingi mpya hazina hata mlango wa sidii, nasi tungali tunalalamika kwamba mashine haziijui lugha yetu.

Lawama hii naanza kujitwika mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi mwaka wa 2003, wenzangu nami tulikusanya maneno ya Kivumba huko Vanga na Wasini. Tuliyahifadhi katika diski tepetevu tisa, zikawekwa ndani ya kasha la viatu idarani. Mashine ya kunakili sidii ilikuwa chumba cha pili. Hakuna aliyevuka ukumbi. Mwaka jana nilipozifungua, nne hazikusomeka, na baadhi ya wazee waliotupa maneno hayo wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Yaliyosalimika nimeyachapa upya. Mwalimu yeyote wa Kwale mwenye daftari la maneno ya Kivumba, hata kama limeliwa na mende pembeni, na anitafute. Likizo ijayo nitashuka Pwani na tarakilishi yangu.