Si kila maumivu ni ya mimba

Mjamzito akilalamikia nyonga au goti, jibu huwa tayari mdomoni: ni uzito wa mtoto. Mara nyingi ni kweli, na ndiyo maana saratani ya mifupa, ambayo kwa wajawazito ni nadra mno, hujificha kwa miezi. Mkunga makini huuliza zaidi: usiku ukilala, maumivu yanapungua au yanazidi? Maumivu ya uvimbe wa mfupa hung'ang'ania sehemu moja, humwamsha mtu usingizini, na baadaye sehemu hiyo huvimba. Hapo ndipo huletwa mafuta ya kuchua. Uvimbe wa namna hiyo hauchuliwi.

Eksirei huogopwa bure. Picha ya goti humfikishia mtoto mionzi kidogo mno kuweza kumdhuru, na MRI haina mionzi ya aina hiyo. Hata kinyama cha uvimbe hukatwa na kupimwa mimba ikiendelea.

Ugumu uko kwenye tiba. Miezi mitatu ya kwanza, viungo vya mtoto vinapoumbika, dawa za saratani huepukwa. Baadaye dawa ya doksorubisini huweza kutolewa, lakini si methotreksati, mojawapo ya dawa kuu za osteosakoma (aina ya saratani ya mifupa) kwa vijana, kwani huweza kuharibu mimba au kulemaza mtoto. Dozi husimamishwa takriban wiki 3 kabla ya kujifungua ili chembe za damu zilizopunguzwa na dawa zirudi.

Je, mtoto? Mwaka 2015 daktari Frédéric Amant wa Leuven, Ubelgiji, na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 129 ambao mama zao waligundulika na saratani za aina mbalimbali wakiwa wajawazito; 96 walipitia dawa za saratani wakiwa tumboni. Walipolinganishwa na wenzao 129, akili na moyo havikuonyesha tofauti. Alama za akili zilishuka kwa waliozaliwa njiti, iwe mama alikuwa na saratani au hakuwa nayo. Kwa hiyo ile haraka ya kumtoa mtoto mapema “ili mama aanze tiba” huenda ikamgharimu mtoto kuliko dawa yenyewe.

Anayegundulika wiki ya kumi ndiye mwenye mtihani hasa: asubiri huku uvimbe ukikua, au mimba isitishwe. Uamuzi ni wake, lakini asiufanye kwa kauli ya daktari mmoja. Dar es Salaam anaweza kujikuta akifuata mfupa taasisi ya mifupa ya MOI, mimba hospitali ya Muhimbili na dawa taasisi ya saratani ya Ocean Road. Ana haki ya kumuuliza kila daktari: umeshazungumza na wenzako?