Kine anakaa nyuma ya soko, na sisi wamama hatujui

Mtoto wangu wa nne alizaliwa usiku wa mvua, na alichelewa kulia. Muuguzi alimfuta, akamsugua mgongo mpaka sauti ikatoka. Tulimshukuru Mungu, tukarudi nyumbani.

Miezi ilipita. Miezi minne, shingo ilikuwa bado inalegea. Miezi saba, mkono wa kushoto ulikuwa umefunga ngumi muda wote. Miezi kumi, nikimsimamisha, miguu ilipishana kama mkasi. Kila siku ya kupima watoto niliuliza, na jibu lilikuwa lilelile: "Mama, vumilia. Watoto hawafanani. Atatembea tu." Bibi wa jirani alimkanda kwa mafuta ya mawese asubuhi na jioni. Alifanya kwa upendo, lakini miguu ilizidi kukakamaa.

Mtoto alikuwa na miezi kumi na minne niliposikia, tena kwenye matanga, kwamba nyuma ya soko kuna kine. Nyuma ya soko! Pale ninapopita kila juma na kitunga changu cha unga wa muhogo. Nyumba haikuwa na kibao. Ndani nilimkuta kijana mmoja, diploma yake imetundikwa ukutani, na mkeka na mito chini. Alikuwa amesoma mjini, akarudi kumtunza baba yake, akaanza kazi katika chumba kimoja. Juma lile alikuwa na wagonjwa wawili tu, wazee wote wawili waliopooza upande mmoja.

Nilimuuliza kama anamfahamu mkunga aliyenizalisha. Hakumfahamu. Siku nyingine nikamuuliza mkunga kama anamfahamu kine. Naye hakumfahamu. Kati ya mlango wa mmoja na wa mwingine ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mwanangu alipoteza karibu mwaka mzima katika mwendo huo wa dakika kumi.

Ndiyo sababu naandika juma hili, wamama wenzangu wa Lusangi, wa Kabambare na wa Kasongo.

Kine anafanya kazi gani?

Jina refu ni kinesiterapia. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanasema fiziotherapia. Kine ni mtu aliyesomea namna mwili unavyotembea: mifupa, misuli, mishipa ya fahamu, na pumzi. Dawa yake kubwa ni mazoezi, namna ya kumlaza na kumkalisha mgonjwa, na kumfundisha mama afanye nini nyumbani. Kukanda ni sehemu ndogo tu ya kazi yake.

Wengi wetu tunadhani kazi hiyo ni ya wazee waliopooza na ya waliovunjika. Lakini sisi na watoto wetu tunamhitaji kuliko tunavyojua. Mpeleke mtoto aonekane mapema ukiona mambo haya:

- Alichelewa kulia alipozaliwa, na kwenye miezi minne shingo haijashika.
- Amefika miezi tisa na hawezi kukaa peke yake.
- Hajafika mwaka, na tayari anatumia mkono mmoja tu, mwingine ameuacha.
- Amefika mwaka mmoja na nusu na hatembei.
- Alizaliwa kwa shida, na mkono mmoja unaning'inia bila nguvu.
- Alipigwa sindano ya tako, na tangu siku hiyo anaburuta mguu.
- Alizaliwa na mguu uliopinda kwenda ndani.

Jambo moja ni la kukimbilia. Kama mtoto aliyekuwa anatembea vizuri amelegea mguu au mkono kwa ghafula, nenda kwanza kwenye kituo cha afya siku ileile, sababu inaweza kuwa polio. Mwaka 2017 ugonjwa huo ulionekana tena hapa hapa Maniema. Kine atakuja baadaye.

Mguu uliopinda ni mfano mzuri wa faida ya kuwahi. Munganga Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa kule Marekani, alionyesha kwamba mguu wa mtoto mchanga unaweza kunyoshwa bila upasuaji mkubwa. Kila juma mguu unageuzwa taratibu na kufungwa plasta ngumu, mara nyingi plasta tano mpaka saba. Watoto wengi wanakatwa kidogo kano ya kisigino. Kisha wanavaa viatu vilivyounganishwa na fimbo, karibu saa zote kwa miezi mitatu, na baadaye usiku tu mpaka miaka minne au mitano. Uganda na Malawi walifundisha kazi hii hata watumishi wa afya wasio wanganga, na watoto wengi wakatembea. Mama anayeacha viatu vya usiku kwa sababu mguu umeshanyoka ataona umepinda tena.

Na sisi wenyewe? Mama anayevuja mkojo akikohoa baada ya kuzaa, mama ambaye mgongo umekataa sababu ya mizigo, wote wana mazoezi yao. Tunanyamaza kwa haya, tunadhani ni mapato ya uzazi. Si lazima iwe hivyo.

Kwa nini hajulikani?

Kine wa hospitali analetewa wagonjwa na munganga. Kine anayejitegemea hana wa kumletea. Analipa chumba, analipa kodi, anajinunulia vifaa, na anangoja mlango ubishwe. Mama akija mara mbili na pesa ikaisha, harudi. Kine naye akiona miezi mitatu mitupu, anafunga na kwenda Kindu au Bukavu kutafuta maisha. Tukimhitaji, hayupo.

Tena anafanya kazi peke yake. Akipata mtoto mwenye ugonjwa asioufahamu, hana mwenzake wa kumuuliza. Na kwa sababu wakine hawana sauti moja, mtu yeyote mwenye chupa ya mafuta anaweza kujiita kine, na mtoto akavutwa viungo mpaka kuumia.

Wengine walifanya nini?

Wakine wa dunia waliona shida hiyo zamani. Tarehe 8 Septemba 1951, kule Copenhagen, vyama vya nchi 11 vilianzisha umoja wao. Leo umoja huo una vyama vya nchi zaidi ya 120, na tangu mwaka 1996 tarehe 8 Septemba ni siku ya wakine duniani kote.

Kenya walikwenda mpaka bungeni. Mwaka 2014 walipata sheria yao ya fiziotherapia. Sheria hiyo iliunda baraza la kuwaandika wenye kazi hiyo na kuwapa leseni, pamoja na wale wanaojitegemea. Faida si ya wakine peke yao: mama wa Kenya anaweza kuomba kuona leseni kabla ya kumkabidhi mtoto wake.

Hapa Kongo, Goma wana kituo cha walemavu kinachoitwa Shirika la Umoja, na Bukavu wana Heri Kwetu. Majina yenyewe yanasema. Na tangu tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ina sheria ya kulinda na kukuza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Tukienda ofisini kuwatetea watoto wetu, tunadai haki iliyoandikwa.

Wala tusidhani kwamba mambo mazuri ya afya yanatoka mbali tu. Katika miaka ya 1970, Kasongo yetu ilikuwa mahali ambapo wanganga wa hapa na wa taasisi ya Antwerpen, kule Ubelgiji, walijaribu namna mpya: kituo kidogo cha afya karibu na watu, wananchi wenyewe wakishiriki katika mambo yake, na hospitali nyuma yake kwa wagonjwa wazito. Watu wa afya wa nchi nyingi walisoma habari za Kasongo na kujifunza. Mzizi wa kazi ile ulikuwa kujuana: mgonjwa, muuguzi na hospitali wasiwe wageni kati yao. Hilo ndilo linalokosekana leo kwa kine.

Sisi tufanye nini?

Hatuwezi kumjengea kine hospitali. Lakini kuunganisha watu ni kazi tunayoifanya kila siku: harusi, matanga, likelemba, AVEC. Katika kikundi chetu tulianza na mambo matano, na kila kikundi kinaweza kuyajaribu.

La kwanza, tuliandika majina. Wamama wawili walizunguka na kuuliza: ni nani amesomea kinesiterapia katika eneo letu? Tulimpata kine wetu, na tukampata mwingine, mama mwenye diploma ambaye alikuwa anauza vitenge kwa kukosa wagonjwa. Hawa wawili hawakuwa wamewahi kuonana. Siku hizi wanapigiana simu wakipata mgonjwa mgumu.

La pili, tuliwakutanisha na wakunga na muuguzi mkubwa wa kituo. Ilikuwa chai na mihogo tu, saa mbili. Walikubaliana juu ya karatasi ndogo: muuguzi anaandika anachokiona, mama anapeleka kwa kine, na kine anaandika jibu nyuma, mama analirudisha. Karatasi isiporudi, muuguzi anajua mama amekwama, na reko wa mtaa anakwenda kumtazama.

La tatu, tuliomba kine apewe benchi siku moja kila mwezi, wakati watoto wanapimwa na kuchanjwa. Anatazama watoto bila malipo. Naye anajulikana, na hilo ni tangazo kuliko kibao.

La nne, pesa. Tulizungumza naye waziwazi. Badala ya kulipa kila mara, mama anapatana naye kwa ziara za mwezi mzima, na mfuko wa kusaidiana wa AVEC unamkopesha kama hana. Kine akajua atalipwa, mama akajua hatafukuzwa. Tulimwomba pia afundishe mazoezi ya nyumbani vizuri, ili mama wa mbali aje mara chache. Lakini tusimwombe afanye bure kila siku. Naye ana watoto, na anayefanya kazi bure hakai.

La tano, utetezi. Katika kamati ya maendeleo ya eneo la afya, ile CODESA, wamama wana haki ya kusema. Tuliomba majina ya wakine yabandikwe kwenye maternite, na tukamwandikia munganga mkubwa wa zoni barua moja yenye sahihi za vikundi vyote, vya wamama wa misikiti na vya wamama wa makanisa. Barua ya mtu mmoja inaweza kupotea mezani. Yenye sahihi nyingi inajibiwa.

Utamjuaje kine wa kweli?

Usione haya kumuuliza alisoma wapi na kuomba kuona diploma. Kine wa kweli haudhiki. Anauliza habari za kuzaliwa kwa mtoto kabla ya kumgusa. Anaandika kwenye fishi. Anakufundisha wewe, kisha anatazama kama umeshika. Mtoto akiwa na homa au degedege, anakutuma kwa munganga. Haahidi kwamba mtoto atatembea kabla ya Pasaka au kabla ya Idi. Anayevuta kiungo kwa nguvu mpaka mtoto apige makelele, au anayekukataza kwenda hospitali, ondoka kwake.

Na bibi zetu wanaokanda? Tusiwadharau. Kine wetu alimwita yule bibi wa jirani, akamwonyesha namna ya kumshika mtoto bila kulazimisha miguu. Sasa bibi ndiye wa kwanza kuwatuma wamama kwake.

Mwanangu leo

Ana miaka sita. Anatembea kwa fimbo, polepole, na anasoma mwaka wa kwanza. Mkono wa kushoto unashika daftari, lakini haufungi vifungo vya shati. Nilimuuliza kine ingekuwaje kama tungefika kwake kwenye miezi mitano. Alinyamaza kidogo, akasema ugonjwa usingeondoka, ila mkono ule pengine ungekuwa laini zaidi. Nilipenda ukweli wake, ingawa uliniuma.

Simlaumu mtu. Mkunga alifanya kazi yake, bibi alifanya yake, kine alikuwa anangoja. Hakuna aliyewaunganisha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, katika mkutano wenu wa juma hili, kabla ya kuhesabu pesa za likelemba, ulizeni swali moja: katika eneo letu, kine ni nani, na mkunga wetu anamfahamu? Kama hakuna anayejua, chagueni wamama wawili wazunguke. Huenda anakaa nyuma ya soko.