Tija ya Uchenjuaji Tarime na Serengeti: Marudio ni ya Nani?

Tija ya kiwanda, yaani mali inayopatikana kwa kila kipimo cha malighafi, nguvukazi na mtaji, hutofautiana sana hata baina ya wanaofanya shughuli moja. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, nchini Tanzania, pengo hilo huonekana wazi kwenye uchenjuaji, kazi ya kuitenganisha dhahabu na mwamba.

Mgodi wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002 huko Nyamongo na ambao sasa huendeshwa na Barrick, husaga mbale, yaani mawe yenye dhahabu, za machimbo ya Gokona na Nyabirama hadi ziwe unga laini, kisha huyeyusha dhahabu kwa sayanaidi na kupata takriban asilimia 90 ya iliyomo. Mchimbaji mdogo hupeleka viroba vyake kwenye karasha, ambako mawe husagwa, tope likapitishwa juu ya ubao uliotandikwa magunia, na zebaki ikanasa chembe zilizo huru. Zile zilizofungwa ndani ya mwamba haziguswi, hivyo mara nyingi zaidi ya nusu ya dhahabu hubaki kwenye marudio, yaani mchanga unaosalia baada ya kuosha.

Wengi husema kinachokosekana ni elimu, hoja isiyotosha, kwa kuwa mchimbaji anajua vyema kwamba marudio yana dhahabu. Zebaki humpa fedha siku hiyohiyo, ilhali tangi la sayanaidi huchukua siku nyingi na kudai saruji, maji, kemikali na leseni ya uchenjuaji, huku vibarua wa duara, yaani shimo la kuchimbia, wakisubiri mgawo wao. Na leseni yake ya uchimbaji mdogo, ya miaka 7, haipokelewi kirahisi benki kama dhamana. Ndipo marudio humwangukia mwenye karasha, ambaye aghalabu huyachukua kuwa sehemu ya malipo ya kusaga, akayauza kwa mwenye tangi la sayanaidi au akayachenjua upya mwenyewe.

Kwa hiyo tija kubwa ya mwenye tangi ni, kwa sehemu, hasara ya mwenye duara iliyohamia kwenye hesabu za mtu mwingine, jambo lisiloonekana katika takwimu zinazojumlisha mauzo bila kuuliza marudio ni ya nani. Masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini mwaka 2019 yalirekebisha bei ya dhahabu iliyokwisha kupatikana, si ile iliyoachwa mchangani. Nao Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, usipoambatana na njia ya kumlipa mchimbaji mapema, utamsukuma auze mbale ghafi kwa mwenye tangi, kwa bei ambayo muuzaji hana maabara ya kuihakiki.