Chakula cha Mgonjwa wa Figo: Kazi ya Watu Wengi

Katika somo hili twataka kukueleza habari za figo, na sababu ya mgonjwa wa figo kuhitaji wasaidizi wengi wanaosema neno moja. Mganga akisema hivi, mpishi akisema vile, na muuza dawa akisema jambo lingine, mgonjwa ataumia katikati yao.

KAZI YA FIGO

Mungu amekupa figo mbili. Zimekaa upande wa mgongoni, chini ya mbavu, moja kuume na moja kushoto. Kila moja ina ukubwa wa ngumi. Kazi yao ni kuchuja damu. Kila siku figo za mtu mzima huchuja maji yapata lita 180, kisha huyarudisha karibu yote mwilini. Lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo, pamoja na takataka za mwili na chumvi iliyozidi.

Figo zikiharibika, takataka hubaki katika damu. Uso na miguu huvimba, mkojo hupungua au huwa na povu, na mgonjwa hukosa hamu ya kula. Lakini wengi hawasikii lolote mpaka ugonjwa umekwenda mbali. Ndiyo maana twasema: mwenye tansiyo na mwenye ugonjwa wa sukari wapimwe, hata kama wanajiona wazima.

Figo huharibiwa na nini? Huharibiwa na tansiyo na sukari. Tena na malaria kali, na kipindupindu kinachokausha maji ya mwili. Tena na dawa za maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa siku nyingi bila shauri la mganga. Dawa nyingine za mizizi huua figo pia.

UVIMBE HAUNA SABABU MOJA

Watoto wawili waweza kuletwa kituoni siku moja, wote wamevimba miguu. Wa kwanza ana kwashiorkor. Anahitaji maziwa na vyakula vya dawa vya kituo cha lishe. Wa pili figo zake zinapoteza protini katika mkojo. Anahitaji dawa za hospitali na chakula kisicho na chumvi. Kwa macho tu ni vigumu kuwatenganisha. Lakini kijiti kidogo cha kupimia mkojo huonyesha njia. Basi anayegawa chakula na anayepima mkojo wasipozungumza, mtoto mmoja atapewa msaada wa mwenzake, naye aweza kufa mikononi mwa watu wanaompenda.

CHAKULA CHENYEWE

Sikiliza vizuri: usijinyime chakula kwa sababu umesoma karatasi hii. Masharti mengi hapa ni ya yule aliyepimwa na kuambiwa.

1. Chumvi. Shirika la Afya la Dunia lasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, ndiyo kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula. Neno hili ni la watu wote. Vidonge vya kukolezea mchuzi, magadi, na samaki waliotiwa chumvi vinahesabiwa pia. Samaki mbichi wa ziwa letu ni bora.

2. Potasiamu. Hii ni chumvi nyingine iliyomo katika ndizi, avoka, viazi vitamu, nyanya, maharagi na sombe. Kwa mtu mzima ni nzuri. Kwa yule ambaye figo zake hazina nguvu, yaweza kujaa katika damu na kusimamisha moyo ghafula. Akiambiwa aipunguze, mama akate viazi vipande vidogo, avipike katika maji mengi, kisha ayamwage maji hayo. Asipike kwa maji ya majivu, maana majivu yana potasiamu nyingi.

3. Protini. Imo katika samaki, nyama, mayai na maharagi. Mgonjwa wa figo ambaye hasafishwi damu kwa mashine, mara nyingi huambiwa apunguze kidogo. Anayesafishwa kwa mashine huambiwa aongeze, kwa sababu mashine huondoa sehemu yake. Basi wagonjwa wawili wa kanisa moja waweza kupewa mashauri mawili yaliyo kinyume, na yote ni ya kweli. Usichukue karatasi ya jirani yako.

4. Maji. Aliyevimba na kukojoa kidogo hupewa kipimo cha kunywa. Lakini anayeharisha asikatazwe maji. Apewe maji ya chumvi na sukari mara moja, na apelekwe kituoni.

JINSI WENGINE WALIVYOSHIRIKIANA

Mashine ya kusafisha damu haikutengenezwa na mganga peke yake. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mganga Willem Kolff wa mji wa Kampen, Uholanzi, alisaidiwa na mkubwa wa kiwanda cha vyombo vya enameli kuitengeneza. Mwaka 1945 mama mmoja aliokolewa nayo.

Katika hospitali kubwa za dunia yupo mtaalamu wa chakula cha figo. Yeye hafanyi kazi peke yake. Mwaka 2020, chama cha figo cha Marekani na chama cha wataalamu wa chakula walitoa mwongozo mmoja kwa pamoja, ili mgonjwa asisikie maneno mawili. Tangu 2006 vyama vya figo vya dunia huadhimisha Siku ya Figo, mwezi wa tatu. Na Mei 2025, mkutano wa Shirika la Afya la Dunia ulipatana kwa mara ya kwanza juu ya afya ya figo.

NA SISI WA FIZI?

Usiseme, "Mambo hayo ni ya Wazungu." Sisi tuna njia tayari. Tangu 1981 Kanisa la Kristo katika Kongo lilishirikiana na serikali na Marekani katika kazi ya SANRU, kusaidia zone za afya vijijini. Hospitali ya Nundu, ya Kanisa la Methodiste Libre, imetumika kuwa hospitali kubwa ya zone yake. Kuanzia 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walisaidia wagonjwa wa Baraka miaka mingi. Kambi ya Lusenda ilipofunguliwa mwaka 2015 kwa ndugu zetu wa Burundi, kazi ilizidi, na mashirika yakakaa meza moja na viongozi wa afya.

Njia hizo zilifanywa kwa ajili ya malaria, kipindupindu na njaa ya watoto. Mgonjwa wa figo apite humo humo, akichukua karatasi moja. Iandikwe kilo zake, tansiyo yake, vyakula vyake, na dawa anazokatazwa. Reko wa kijiji aisome kwa sauti mbele ya anayepika. Wamama wa kanisa waisome kabla ya kumpelekea chakula. Anayegawa posho aulize kama iko. Muuza dawa na mganga wa kienyeji waonyeshwe, si kwa matusi, bali kwa adabu. Mchungaji amwombee, asimwambie aache dawa.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili ni mmoja wenye viungo vingi, na kiungo kimoja kikiumia vyote huumia. Figo ni kiungo kilichofichwa. Na mgonjwa aliyelala nyumbani bila kutembelewa amefichwa vilevile.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kanisa letu, ni nani anayewapikia wagonjwa, na ni nani amemwambia wanachokatazwa?
2. Mtoto amevimba miguu. Tutampeleka wapi kwanza, na tutaomba apimwe nini?
3. Nyumbani mwetu tunatia chumvi kiasi gani kwa siku moja?
4. Ni nani wiki hii atakwenda kumwona mgonjwa, na kuiomba karatasi yake aisome?