Diski Inapogoma Kusomeka

CD ya zamani ikigoma kunakiliwa kwenye kompyuta, wengi huigeuza na kukagua upande unaong'aa. Mikwaruzo huonekana huko, lakini hatari kubwa iko upande wa pili. Mwale wa leza hupenya plastiki yenye unene wa milimita 1.2 kabla ya kuufikia utando wa metali unaourudisha, na utando huo umekaa juu kabisa, chini ya vanishi nyembamba na maandishi ya lebo. Ncha ya kalamu ikipita hapo kwa nguvu inaweza kuubandua, na data iliyobanduka nao hairudi. Ukaguzi wake ni rahisi: diski inyanyuliwe mbele ya taa. Vitundu vinavyopitisha mwanga ndiyo majeraha yenyewe. DVD ina nafuu kidogo, kwa kuwa data yake imo katikati ya vipande viwili vya plastiki vilivyogundishwa, kila kimoja kikiwa na milimita 0.6.

Mikwaruzo ya chini husameheka zaidi, na sababu yake ni hesabu. Mwaka 1960 wanahisabati wawili wa Marekani, Irving Reed na Gustave Solomon, walichapisha mbinu ya kusahihisha makosa ya data. Philips na Sony waliitumia katika CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982. Data hutawanywa kando ya njia ya leza, hivyo jeraha moja huchukua kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi, na zilizosalia hutosha kujazia pengo. Pengo la hadi milimita 2.5 hivi kwenye njia hiyo huzibwa lote.

Ndiyo maana mwelekeo wa mkwaruzo una uzito kuliko wingi wa mikwaruzo. Unaotoka katikati kwenda ukingoni huikata njia ya leza mara moja katika kila mzunguko. Unaozunguka na diski huifuata njia hiyo na kufunika data mfululizo. Kwa sababu hiyohiyo, diski hufutwa kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha kitambaa. Kitambaa laini, maji safi na tone la sabuni ya kuoshea vyombo vinatosha. Dawa ya meno, ambayo wengi huisifia, hung'arisha kwa kukwangua plastiki. Isubiri hadi njia nyingine zote zishindwe.

Wenye DVD za harusi hushangaa jambo moja: kwenye deki sebuleni picha inakwenda, kwenye kompyuta kunakili kunakwama. Deki ikikuta sehemu mbovu huiruka, na mtazamaji huona picha imeganda kidogo tu. Kompyuta inayonakili faili inatakiwa kupata kila baiti ilivyo. Sehemu moja isiposomeka, hurudia kuisoma, kisha hutangaza kosa na mara nyingi huacha kazi yote.

Hapo ndipo watu hubofya tena na tena, na draivu huendelea kuhangaika palepale. Hatua bora ni kubadilisha draivu. Leza na mota hutofautiana, na diski iliyokataliwa na mashine moja husomwa na nyingine bila taabu. Zinazotegemea draivu zaidi ni diski zilizochomwa nyumbani au studio: data yake imo kwenye tabaka la rangi maalumu, ambayo jua na joto huichakaza. Nyingine huonekana tupu kwa kuwa aliyerekodi hakuzifunga (finalize). Hizo zirudishwe kwenye mashine iliyozirekodi. Draivu ya nje inayotegemea USB nayo hutoa makosa yanayofanana na ya diski ikikosa umeme wa kutosha, hivyo tundu jingine lijaribiwe.

Kasi ipunguzwe pia. Draivu ya 52x huizungusha CD karibu mara 10,000 kwa dakika, na diski iliyopinda kidogo hutikisika. Yenye ufa kwenye tundu la katikati isiingizwe kabisa: inaweza kupasuka ndani.

Kwa diski za data, programu ya bure iitwayo ddrescue imeokoa nyingi. Hunakili kwanza sehemu zinazosomeka, huruka mbovu, kisha huzirudia mwishoni. Huandika ramani ya yaliyopatikana, kwa hiyo diski ikihamishiwa draivu nyingine kazi huendelea kwenye mapengo tu. Kwa CD za muziki, programu ya Exact Audio Copy husoma kila kipande zaidi ya mara moja na kulinganisha.

Nakala ikikamilika, ifunguliwe na kuchezwa hadi dakika za mwisho. Leza huanza kusoma katikati na kumalizia ukingoni, na ukingoni ndiko vidole hushika diski. Ikiwa sawa hadi huko, nakala ya pili iwekwe mahali pengine, na diski yenyewe irudishwe kwenye kasha lake, gizani, pasipo unyevu.