Redio Inayongoja Kofi

Redio inakoroma, inanyamaza, mwenyewe anaipiga kofi ubavuni, sauti inarudi. Nyumba nyingi hayo ndiyo matengenezo. Kwa fundi, kofi hilo ni kipimo: spika na vipuri huenda ni vizima, ila mahali fulani waya umeachana na bodi kwa ufa usioonekana. Mtikisiko umezikutanisha pande mbili kwa muda tu.

Fundi wa haraka huongeza tone la lehemu juu ya lile la zamani, akalipwa, na baada ya siku chache redio inarudi mezani kwake. Lehemu si gundi. Ile ya kawaida, bati asilimia 63 na risasi 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, ilhali shaba inahitaji 1,085. Waya kwa hiyo hauyeyuki. Bati lililoyeyuka huungana na uso wa shaba, ukazaliwa utando mwembamba wa metali mchanganyiko, na utando huo ndio unaoshika. Shaba yenye kutu haiukubali. Ndiyo maana ndani ya waya wa lehemu hutiwa utomvu wa msonobari, unaosafisha uso unapopata moto. Ukiyeyushia lehemu kwenye ncha ya pasi ya kulehemu kisha ukaipakaza, utomvu unaungua bure, na lehemu inajikunja juu ya shaba baridi kama tone la maji kwenye jani la gimbi.

Basi nyonya lehemu ya zamani, paruza waya hadi ung'ae, uupitishe kwenye tundu lake. Ncha ya pasi iguse waya na bodi kwa pamoja, sekunde mbili tatu, ndipo lehemu iguse waya, si pasi. Itatambaa yenyewe. Usiutikise mpaka igande. Kiungo kizuri huteremka taratibu kuelekea kwenye waya. Kilichovimba mviringo kitilie shaka. Mng'ao usikudanganye: lehemu isiyo na risasi, iliyoenea tangu Umoja wa Ulaya ulipobana matumizi ya risasi mwaka 2006, hufifia hata ikiwa imeshika barabara.

Kiungo kibovu hukinza umeme, na ukinzani huzaa joto. Huko CERN, maabara ya fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, tarehe 19 Septemba 2008, kiungo kimoja cha kulehemu kati ya sumaku mbili kilishindwa mkondo ulipofika karibu ampia 8,700. Cheche ilitoboa chombo cha heli, takribani tani 6 zikavuja, na mashine kubwa kuliko zote za fizikia ikakaa zaidi ya mwaka bila kazi.

Wewe anza na redio ya betri, betri zikiwa zimetolewa. Televisheni na maikrowevu waachie mafundi, kwani kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Na ukimaliza kulehemu, nawa mikono kabla ya kula: risasi ni sumu.