Damu ya Mwenye Lupasi

Baridi ya Mafinga humsahaulisha mtu jua. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda huongeza mionzi ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10. Kwa mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, anayechuma chai Mufindi au kupalilia mipaina Sao Hill, madhara ya mionzi hiyo hayaishii kwenye upele wa mashavuni. Seli za ngozi zikiuawa na mionzi humwaga DNA yake nje, na kinga iliyopotoka huiona adui na kuitengenezea kingamwili.

Kingamwili hizo zikishikana na DNA hunasa kwenye vichujio vya figo. Hapo huamsha komplimenti, protini za damu ambazo kwa kawaida hutoboa bakteria. Safari hii zinaumiza figo. Kwa kuwa zinatumika haraka kuliko zinavyotengenezwa, vipimo vya C3 na C4, mbili kati ya protini hizo, hushuka. Daktari akiona C3 inashuka huku kingamwili za DNA zikipanda, anajua figo ziko hatarini.

Vipimo hivyo ni ghali, na mara nyingi mgonjwa huvifuata hospitali kubwa. Lakini shaka haihitaji kusubiri hadi huko, na hili nalisema kwa uchungu, maana wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi vijana. Dada ametibiwa malaria, kisha taifodi, kisha yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo), na bado ana homa, viungo vinauma, asubuhi uso umevimba, mkojo una povu. Kijiti cha mkojo kitaonyesha protini na damu. Picha kamili ya damu itaonyesha upungufu wa damu, limfosaiti chache, pengine na chembe sahani chache. ESR, kipimo cha uvimbe wa ndani ya mwili, itakuwa juu sana, ilhali CRP, kipimo kingine cha uvimbe huo, mara nyingi haipandi sana kama ambavyo ingepanda kwa maambukizi ya bakteria. Majibu hayo yakikutana kwenye faili moja, apewe rufaa wiki hiyohiyo. Haidroksiklorokwini, prednisoloni na maikofenoleti huokoa figo ambazo bado zina uhai.

Figo zikishindwa kabisa, damu husomwa upya. Mara nyingi lupasi yenyewe hutulia, ingawa si kwa kila mtu. ESR haiaminiki tena, kwani figo zilizokufa huipandisha zenyewe, na upungufu wa damu huweza kutokana na figo kuacha kutoa homoni ya kuhimiza uboho. Kinachobaki kufuatiliwa kwa karibu ni C3, C4 na kingamwili za DNA, pamoja na dalili za mgonjwa. Tumaini lingine ni kupandikizwa figo: Hospitali ya Muhimbili ilianza huduma hiyo Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Mgonjwa wa Mafinga anaweza kuwa na ndugu aliyekwisha kukubali kumpa figo, lakini kabla ya kupanga siku ya upasuaji madaktari hutaka kwanza kuona lupasi imetulia.